Mpiga Ndono wa Mashine ya Mpunga

Ukifika na mpunga kwenye ile mashine ya Nyahanga, nyuma ya maduka ya mbao, mzee wa mashine hakukuuliza habari za nyumbani kabla hajachota punje tatu nne kutoka kwenye gunia lako na kuziuma kwa meno ya mbele. Kama mpunga ulikuwa haujakauka, alizitema na kukuambia urudi nao ukauanike siku moja zaidi. Ungeweza kulalamika, ungeweza kusema umetoka mbali na baiskeli imekuharibikia njiani, hakujali.

"Mayu, mashine yangu haikaushi, inakoboa," alisema, kwani kila mama kwake alikuwa mayu, akahamia kwa mtu mwingine.

Ukikubaliwa, alimimina gunia lako juu ya mashine, akabonyeza kitufe, akasubiri mngurumo ukae sawa. Kisha alikwenda kwenye benchi lake karibu na ukuta, akafungua vifungo viwili vya juu vya shati, akatoa ndono yake iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari, akaanza kupiga.

Kwa asiyeijua, ndono ni upinde wa mti wenye waya mmoja, na mgongoni mwa upinde kimefungwa kibuyu kilichokatwa mdomo. Mdomo wa kibuyu unauegemeza kifuani, na waya unaugonga kwa kijiti chembamba. Ukitaka sauti iwe nene unakibana kibuyu kifuani, ukitaka iwe nyembamba unakiachia kidogo. Hata penye utulivu si chombo cha kelele. Aliyekaa hatua tano anasikia nusu, na nusu nyingine inabaki kifuani kwa mpigaji. Sasa mzee huyu alikuwa anaipiga pembeni mwa mashine ya kukoboa mpunga, mahali ambapo mimi na wewe tukitaka kuambizana kitu tunapeana ishara za mikono.

Hakuna aliyemsikia. Tuliona kijiti kinakwenda, tuliona midomo inaimba, tuliona macho yamefumbwa na pumba zimetua kwenye kope, basi. Mashine ikimaliza gunia na kuzimwa, ndono ilikuwa imeshatundikwa kwenye msumari na vifungo vya shati vimefungwa.

Njia pekee ya kumsikia ilikuwa umeme kukatika. Kahama umeme ukikatika watu husonya, lakini pale mashineni kina mama walinyamaza na kutega masikio, maana mashine haifi mara moja, inashuka taratibu, na kati ya kufa kwake na mkono wa mzee kusimama tulikuwa tunapata mapigo mawili, pengine matatu. Tuliyagombania hayo mapigo. Mwingine alisema leo nimepata manne, akaitwa mwongo. Mzee alituangalia kama watu tuliomchungulia bafuni, akafunga vifungo, akatoka nje kuuliza kama mtaa mzima umezimika au ni sisi tu.

Usidhani basi kwamba alikuwa mtu wa kujificha, asiyependa sifa. Alizipenda! Ila alizipenda upande wa mchele. Mchele ukianza kutoka aliuchota kwa kiganja, akakuletea mpaka usoni, akasimama. Alisubiri. Ulitakiwa uinamie kile kiganja, upekuepekue kwa kidole, useme hakuna chenga, punje iliyovunjika, hata moja. Ukisema hivyo aling'aa uso mzima, mtu mzima yule, mwenye wajukuu. Ukisema naona chenga mbili hapa, alinuna mpaka jioni, na aliyefuata kwenye foleni alipata tabu bila kosa. Nilimwona siku moja akirudia gunia la mama mmoja lote kwa sababu tu yule mama alisema "si mbaya".

"Si mbaya ndiyo nini?" aliniuliza mimi, kama mimi ndiye niliyesema.

Nilimkabili kwa hilo la ndono. Mimi si mtu wa kunyamaza, na isitoshe ni mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, kazi yangu ni kuifikisha sauti kwa watu. Nilimwambia ni mchoyo. Nilimwambia mtu aliyejaliwa muziki halafu anaumwaga chini ya mngurumo wa mashine ni sawa na anayepika na kufunga mlango.

"Mama Kulwa," akasema, "mchele ni wa watu. Nikiukoboa vibaya nimekuharibia chakula cha watoto. Ndono nikiipiga vibaya nimemkosea nani?"

"Umejikosea mwenyewe."

"Basi huyo nitamalizana naye."

Na shati alivaa safi, lililopigwa pasi, kila siku, mahali ambapo kufika saa nne kila mtu ni mweupe kwa pumba. Siku moja mchimbaji mmoja aliyetoka machimboni upande wa Geita, amekuja kuchukua mchele wa kambi, alimpiga video kwa simu. Video ikazunguka. Baada ya siku chache yule mchimbaji akarudi mbio kumpa habari njema, na mimi nilikuwepo kwenye foleni.

"Mzee, umekuwa staa! Watu wengi wamekupenda!"

"Wamenisikia?"

"Hapana, mashine imemeza sauti yote."

"Basi wameipenda mashine. Mwambie mwenye mashine."

Tulicheka sana. Lakini baadaye, watu walipopungua, aliniomba nimtafutie hiyo video kwenye simu yangu. Akaitazama mara mbili, simu ameishika mbali na macho. Akasema kola ya shati imekaa vibaya. Kesho yake alikuja na shati jipya la drafti, na kwa wiki nzima alikaa upande ule wa benchi wenye mwanga. Nilimwona na yeye akaona kwamba nimemwona.

Sasa niseme lile ambalo kina mama wa Nyahanga hawakulijua. Mimi nilimfahamu mzee huyu kabla ya mashine.

Nilipokuwa msichana, kijijini kwetu, yeye alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa kikundi cha ngoma. Na kwetu manju hakuhukumiwa na majaji wenye kalamu. Baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma vilisimama uwanja mmoja, kimoja huku na kingine kule, vikaanza kwa wakati mmoja. Watu walikwenda kwa aliyewapendeza. Akichuja walihama. Mwisho wa siku mshindi alijulikana kwa macho tu, kwa wingi wa migongo iliyomzunguka. Kwa hiyo manju alitafuta kila njia ya kuvuta watu. Alitafuta dawa ya mvuto, alitukana wapinzani kwa mafumbo, alijisifu, alileta vituko. Huyu wa kwetu alikuwa hodari wa vituko. Aliwahi kuingia uwanjani amepanda pikipiki ya mabati aliyoitengeneza mwenyewe, inayosukumwa na wachezaji wanne, na upande wa pili ulibaki na wazee wawili na mbwa. Mimi nilikuwa mwitikiaji wake, mstari wa mbele, na nilijiona sina mfano.

Mwaka mmoja masika yaliondoka na dada yake mkubwa, aliyemlea. Tulipofika uwanjani baada ya mavuno, tukasubiri aanze na matusi kama kawaida. Hakutukana mtu. Aliweka ngoma chini, akachukua ndono, akaanza wimbo wa dada yake. Wimbo wa polepole, wa mwanamke anayeamka kabla ya wengine kuwasha moto. Hatukuwa tumefundishwa kiitikio kirefu, maneno mawili tu. Nikaitikia mara ya kwanza, mara ya pili. Watu wakaanza kunong'ona. Mara upande wa pili kukapigwa yowe, wamemleta fisi! Fisi mzima, amefungwa kamba shingoni, anaongozwa na manju wao.

Uwanja ulihama wote. Na mimi nilihama. Siwezi kusema nilisukumwa. Niliacha mstari wa mbele nikakimbia na njuga zangu miguuni kwenda kuangalia fisi, na nilikuwa kati ya wale wa kwanza. Nilipogeuka, nilimwona katikati ya uwanja mtupu, mdogo, bado anagonga waya. Aliimba mpaka mwisho. Mwisho wenyewe sikuusikia, maana nilikuwa mbali na watu walikuwa wanapiga makelele. Tangu siku ile hakuwa manju tena.

Miaka ikapita, nikaolewa Nyahanga, nikapeleka mpunga mashineni, nikamkuta. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akauma punje, akasema mpunga ni mzuri. Sikujua kama amenitambua. Sikumkumbusha. Na kila nilipoenda pale, kwa miaka yote hiyo, nilibeba gunia kichwani na lile jambo moyoni. Nilitaka vitu viwili, nimwombe radhi, na niusikie ule wimbo mpaka mwisho. Sikuwa na ujasiri wa kutafuta hata kimoja.

Watu walimuuliza kwa nini aliacha umanju. Wachimbaji aliwaambia wapinzani walikuwa na dawa kali kuliko yake. Katekista alimwambia ni kuzeeka tu, magoti yalichoka. Mimi sikumuuliza, lakini siku moja alinijibu bila kuulizwa, anafagia pumba. Alisema uwanja ulipobaki mtupu ndipo alipoisikia ndono yake vizuri, maana siku zote ilikuwa inazibwa na vigelegele. Alisema alishangaa ilivyokuwa nzuri. Akaendelea kufagia. Nilitazama chini na kuomba aishie hapo.

Tulikosana mara moja tu. Kwaya yetu ilikuwa inajiandaa kwa mashindano Ushirombo, nikamwalika aje kutusikiliza mazoezini. Alikuja amevaa koti, akakaa benchi la nyuma, kofia juu ya magoti. Tuliimba kwa nguvu zetu zote. Nilipomfuata nikijua nitasifiwa, akasema, "Mnaimba vizuri. Ila kila ubeti mnaangalia mlangoni."

"Mlangoni kuna nini?"

"Ndiyo nawauliza. Mnaangalia nani ameingia na nani ametoka."

Nilikasirika nikahamishia mpunga wangu mashine ya ng'ambo ya barabara. Ushirombo tukawa wa pili, nikalia ndani ya gari njia nzima, na katika kulia nikakumbuka kwamba kweli, wakati wa wimbo wetu wa mwisho, nilikuwa nahesabu vichwa. Na mchele wa ng'ambo ulitoka chenga tupu. Niliporudi kwake alichota ule mchele wa ng'ambo niliokuja nao kama ushahidi, akautazama muda mrefu kwa furaha isiyofichika.

"Pole sana, mayu," akasema. Hakuwa na pole yoyote.

Kisha masikio yakaanza kumwacha. Miaka yote karibu na ule mngurumo, ingekuwa ajabu kama yangebaki. Kwanza tulimpigia kelele, baadaye tukawa tunamshika mkono na kuonyesha. Nesi alimwambia hakuna cha kurudisha. Kina mama walimhurumia, hasa kwa ajili ya ndono, wakasema sasa hata hiyo hawezi kuisikia. Yeye alifungua vifungo vya shati akawaonyesha alama ya duara kifuani, mahali kibuyu kilipokaa miaka yote, akaigonga kwa kidole. "Sikio langu hili hapa," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi, na akaendelea na kazi.

Binti yake anayeishi Mwadui aliamua kumchukua. Mwenye mashine akapata mtu mwingine. Wiki yake ya mwisho ilikuwa baada ya mavuno, foleni imefika barabarani, na mimi nilikwenda na gunia moja ambalo kwa kweli halikuwa na haraka. Nilikuwa nimejiapiza kwamba leo nitasema.

Gunia langu lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kukobolewa. Mzee yuko kwenye benchi, macho amefumba, kijiti kinakwenda. Umeme ukakatika.

Mashine ikashuka, ikashuka, ikanyamaza. Tukatega masikio kungoja mapigo yetu mawili. Yakaja mawili, yakaja matatu, yakaja manne, matano. Mkono haukusimama. Akaendelea kupiga, na juu ya ndono ikaja sauti yake, nzito, imechakaa kidogo, haina papara. Nikaujua ule wimbo kabla ya maneno. Mwanamke anayeamka kabla ya wengine kuwasha moto.

Kina mama wakaganda, mmoja ameshika ungo hewani. Halafu nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: hasikii! Mzee wa watu anafikiri mashine bado inanguruma. Anafikiri yuko peke yake, na sisi tumemkalia tunamwibia kitu alichokificha miaka yote. Nilitamani kukaa kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Wimbo wenyewe ule, mwisho wenyewe ule. Lakini nilijiambia safari hii, Mama Kulwa, utafanya la haki.

Nikasimama. Nikawapungia kina mama watoke. Mama Shija, jirani yangu, akakataa, akanong'ona, "Mwache bwana tusikie." Nikamvuta kitenge. Nikawatoa wote, mmoja mmoja, kwa ncha za vidole, na kwa sababu pale nje kwenye lundo la pumba sauti ilikuwa bado inatufikia, nikawapeleka mpaka barabarani. Tukasimama juani. Niliwaambia tumheshimu mzee. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Tulikaa pale muda mrefu. Hatimaye akatokea mlangoni, ndono kwapani, vifungo vimefunguliwa. Akatutazama tulivyojipanga ng'ambo. Nikamkimbilia, nikampigia kelele sikioni, "Umeme umekatika, mzee!"

"Najua," akasema. "Benchi liliacha kutetemeka."

Alijua tangu mwanzo. Mtu anayesikia kwa kifua, nani alinidanganya kwamba hatajua mashine imezimika? Alikuwa amejua, na safari hiyo moja, wiki yake ya mwisho, alikuwa ameamua tumsikie.

Akaniangalia uso kwa uso, midomo inacheza.

"Mama Kulwa," akasema kwa sauti yake kubwa, barabara nzima ikisikia, "leo kulikuwa na fisi gani?"

Nililia. Sikuona haya, nililia pale pale barabarani mbele ya watu wenye bodaboda. Amenijua tangu siku ya gunia la kwanza! Nikamwambia nisamehe, nikarudia, sijui kama alisikia, lakini uso wangu ulikuwa unasema wenyewe. Yeye alikuwa anacheka. Akaniinamia.

"Na yule wa kwanza? Alikuwa mzuri? Siku zote nilitaka kumuuliza mtu."

"Alilala tu, mzee!" nilipiga kelele, nikilaza kiganja. "Alilala chini, hakufanya kitu!"

Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na leo, ulipofumbua macho ukakuta tumetoka," nikamuuliza kwa kelele na kwa mikono, "kwa nini hukuacha?"

Akanishangaa. "Wimbo ulikuwa haujaisha."

Ndani taa ikawaka. Kina mama wakapiga yowe la umeme umerudi. Nikamwomba aimbe tena, Mama Shija naye akamwomba, tukamshika mikono pande zote mbili. Akatazama foleni, akatazama magunia.

"Mimi nimeshaimba," akasema. "Mpunga wenu bado."

Akaingia, akabonyeza kitufe, akasubiri mngurumo ukae sawa. Akakaa kwenye benchi, akaweka kibuyu kifuani, akaanza. Safari hii sikukaa kwenye foleni. Nilikwenda nikakaa benchi lile lile, pembeni yake. Sikusikia pigo hata moja. Niliona kijiti kinakwenda, niliona midomo, na wimbo ulipofika mahali pa kiitikio nilipatambua kwa mdomo wake, nikaitikia maneno yangu mawili, nami sikujisikia. Nilikaa hivyo mpaka kijiti kikasimama chenyewe.

Akatundika ndono. Akafunga vifungo. Akaenda kwenye mdomo wa mashine, akachota mchele wangu kwa kiganja, akauleta mpaka usoni kwangu, akasimama akingoja.

Niliupekua kwa kidole. Kisha nikafungua kinywa wazi ili akione vizuri, nikapiga vigelegele, na foleni nzima ikapokea mpaka barabarani. Aling'aa uso wote. Vilikuwa vya mchele, si vya wimbo.